Panjandrum: Silaha ya roketi iliyokosa usukani

Tarehe 19 Agosti 1942 askari wapatao 6,000, wengi wao Wakanada, waliuvamia mji wa Dieppe katika pwani ya kaskazini ya Ufaransa, uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, na kufikia mchana wa siku hiyo zaidi ya nusu ya wale waliofika nchi kavu walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au wametekwa. Baadhi ya vifaru vilivyotarajiwa kuwafungulia njia vilikwama kwenye kokoto za ufukweni, na vile vilivyofanikiwa kuupanda ukuta wa bahari vilikuta barabara za kuingilia mjini zimezibwa kwa vizuizi vya zege. Askari wahandisi waliobeba baruti za kuvunjia vizuizi hivyo walipigwa risasi wakiwa bado mbali navyo. Kisa cha Panjandrum, silaha ya majaribio ya Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, hakina budi kuanzia Dieppe, kwa sababu anayeanza na picha za magurudumu ya mbao yanayotema moto ataona kichekesho tu, na atapitwa na jambo zito lililowafanya watu wenye akili timamu wakijenge chombo kile.

Jambo lenyewe lilikuwa ukuta. Wajerumani walikuwa wakiendelea kuimarisha ngome zao kando ya Atlantiki, na viongozi wa kijeshi wa Uingereza waliokuwa wakipanga kurudi Ulaya kwa nguvu walijua kwamba mahali fulani wangekutana na zege yenye kimo cha mita 3 na unene wa zaidi ya mita 2. Walihitaji kutoboa tundu la kupitisha kifaru, na walihitaji kulitoboa bila kumtuma mtu aende na baruti mgongoni kufia njiani. Ombi hilo lilifika kwa idara ndogo ya Wizara ya Wanamaji iliyoshughulika na silaha zisizo za kawaida, idara iliyojengwa na Charles Goodeve, mwanasayansi mzaliwa wa Kanada, na ambayo miongoni mwa wahandisi wake alikuwamo Nevil Shute Norway.

Wasomaji wa riwaya wanamjua kwa jina fupi la Nevil Shute, lakini katika kisa hiki anahusika kama mhandisi. Aliwahi kuongoza kazi ya ukokotoaji katika ujenzi wa R100, puto kubwa la abiria lenye injini ambalo mwaka 1930 lilivuka Atlantiki hadi Kanada na kurudi salama, kisha akashiriki kuanzisha kampuni ya kuunda ndege ya Airspeed. Nalitaja hili kwa makusudi. Tukimchukulia aliyehusika na Panjandrum kuwa mtu wa ndoto asiyejua hesabu, hatutaambua lolote, kwa maana hesabu alizijua kuliko wengi wa waliomzunguka.

Shute alikokotoa kwamba ili kuubomoa ukuta wa aina ile kiasi cha kupitisha kifaru, kungehitajika zaidi ya tani moja ya vilipuzi iliyowekwa chini kabisa, mguuni pa zege. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa kadiri ya swali lilivyoulizwa, na ndilo lililoleta taabu yote iliyofuata. Tani moja haibebwi na kikosi cha watu wanaokimbia chini ya risasi, wala haikuweza kurushwa kwa usahihi kutoka kwenye mashua ya kushushia askari. Ilibaki njia moja, nayo ni kuiviringisha.

Chombo chenyewe

Panjandrum ilikuwa na magurudumu mawili ya mbao, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 3 na ukingo wa chuma wenye upana wa sentimita 30 hivi. Kati ya magurudumu hayo kulikuwa na pipa lililotumika pia kama ekseli, na vilipuzi vingekaa humo. Kuzunguka kila gurudumu zilifungwa roketi za kordaiti (aina ya baruti), zimelala kufuata mzingo wa gurudumu, ili zikiwashwa zote kwa pamoja moto wake uyazungushe magurudumu kama yale ya fataki. Mashua ingefungua mlango wake wa mbele, chombo kingeshuka kwenye maji ya kina kifupi, kingepanda ufukwe, na kingeendelea hadi kigonge ukuta na kulipuka. Kwa mzigo kamili wa takriban kilo 1,800, kilitarajiwa kufikia kasi ya karibu kilomita 97 kwa saa.

Hapa panataka utulivu kidogo, kwa sababu kosa lote limo ndani ya maelezo haya kabla hata roketi ya kwanza haijawashwa.

Mtoto anayeendesha ringi ya baiskeli barabarani hukimbia kando yake akiwa na kijiti, na kila ringi inapotaka kulala upande mmoja huigusa ikanyooka, mara kumi au ishirini katika safari fupi tu. Panjandrum ilikuwa ringi isiyo na mtoto. Ilikuwa na nguvu nyingi mno, lakini haikuwa na chochote cha kuhisi kwamba imepinda, wala cha kuirudisha. Kila hitilafu ndogo iliyoanza ilibaki, na hitilafu iliyofuata ilijumlishwa juu yake.

Tena hitilafu zilikuwa nyingi. Roketi za wakati ule hazikuungua kwa nguvu iliyo sawasawa, moja ikitangulia kidogo na nyingine ikichelewa kidogo. Upande mmoja ukipungukiwa msukumo, chombo hupinda. Mchanga mlaini chini ya gurudumu moja hufanya vivyo hivyo, na shimo hufanya zaidi. Sasa tuiangalie roketi moja ikiwa imefungwa karibu na ukingo. Gurudumu la kipenyo cha mita 3 likienda kilomita 97 kwa saa huzunguka karibu mara 3 kwa sekunde, na ukikokotoa mvuto wa kwenda nje kwenye ukingo utaona unafikia karibu mara 50 ya uzito wa kawaida. Maana yake ni kwamba kila kilo ya roketi ilivuta kibanio chake kana kwamba ni kilo 50. Mvuto huo hauongezeki kwa uwiano ulio sawa na kasi, bali kasi ikizidi mara mbili, mvuto huzidi mara nne. Kwa hiyo vibanio vilikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kung'oka pale pale chombo kilipokuwa kikienda kasi zaidi, yaani katika dakika ambayo kupinda kidogo kungekipeleka mbali zaidi na njia yake.

Westward Ho!

Chombo kiliundwa kwa siri huko Leytonstone, mashariki mwa London, na kikasafirishwa usiku hadi ufukwe wa Westward Ho! katika jimbo la Devon. Siri hiyo iliishia hapo, kwa sababu ufukwe ule ulikuwa mahali pa mapumziko na watu walikuja kutazama mchana kweupe, licha ya kuonywa juu ya hatari iliyokuwapo.

Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 7 Septemba 1943. Waandaaji walikuwa waangalifu: walifunga roketi chache tu, na mahali pa vilipuzi wakajaza mchanga wa uzito ule ule. Panjandrum ilishuka majini, ikapanda ufukwe na kwenda umbali wa mita 200 hivi, kisha baadhi ya roketi za gurudumu la kulia zikaacha kufanya kazi na chombo kikatoka njiani. Kwangu mimi jaribio hili ndilo kiini cha kisa kizima. Lilifanywa vizuri, kwa gharama ndogo, bila kumdhuru mtu, na lilitoa jibu lililo wazi kabisa: nguvu ipo, mwelekeo haupo.

Kilichofuata ni kwamba waliongeza nguvu. Roketi zilizidishwa jaribio baada ya jaribio hadi zikafika zaidi ya 70. Mtu anaweza kuielewa fikra yao, kwamba chombo chenye kasi kubwa kingeufikia ukuta kabla hakijapata muda wa kupotea, na kwamba roketi zikiwa nyingi, kasoro ya moja ingefunikwa na wingi wa nyenzake. Hesabu ya uwezekano haikubaliani nao. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila roketi ilikuwa na nafasi 99 kati ya 100 ya kuwaka vizuri na kubaki mahali pake. Zikiwa 20, nafasi ya zote kufanya kazi bila kasoro ni kama 82 kati ya 100. Zikiwa 70, nafasi hiyo hushuka chini ya 50. Na kwa chombo ambacho hakikuweza kujirekebisha, roketi moja iliyochomoka haikuwa kasoro ndogo ya kufunikwa, kwani yenyewe iligeuka kuwa kitu kinachoruka hovyo chenye moto, huku ikiacha pengo upande mmoja wa gurudumu.

Ndivyo ilivyotokea. Katika majaribio hayo roketi ziling'oka na kupita juu ya vichwa vya watazamaji, nyingine zikalipuka majini. Gurudumu la tatu liliongezwa ili kukitulizia chombo mwendo, lakini kikapanda ufukwe, kikageuka, na kurudi kilikotoka. Gurudumu hilo likaondolewa, zikafungwa nyaya za chuma kwenye magurudumu mawili yaliyosalia ili watu walio nyuma wakiongoze kama farasi wa hatamu. Panjandrum ilizikata au ikazisokota, na ncha zake zikachapa ufukweni. Lakini wazo la nyaya, ingawa lilishindwa, lilikuwa marekebisho pekee yaliyolenga ugonjwa halisi, kwa sababu lilijaribu kumweka mtu anayeona na kurekebisha. Lilikuja kuchelewa, juu ya chombo ambacho tayari kilikuwa kimepewa nguvu kupita uwezo wa waya wowote ule kukizuia.

Sharti lililolegezwa

Waliosimulia kisa hiki hupenda kukimbilia siku ya mwisho. Mimi naona tukio zito zaidi lilitokea kabla yake, na lilitokea kwa maandishi. Idara ya Shute, ambayo wakati huo ilikuwa imeanza kukitilia shaka chombo chake, ilipata ujumbe kutoka makao makuu ya operesheni za pamoja za majeshi ya nchi kavu, ya majini na ya anga kwamba usahihi kamili haukuwa tena wa lazima. Ingetosha, kwa mujibu wa ujumbe huo, iwapo Panjandrum ingeweza kutegemewa kuelekea upande alipo adui kwa ujumla.

Imani ikarejea, na matayarisho ya jaribio kubwa yakaendelea.

Kulegeza sharti si dhambi. Mara nyingi mhandisi hudaiwa usahihi ambao hauhitajiki, na mteja akiupunguza, kazi hukamilika mapema na kwa bei nafuu. Lakini sharti lililolegezwa hapa halikuwa la pambo. Zaidi ya tani moja ya vilipuzi ilikokotolewa kwa kudhani kwamba mlipuko ungetokea mguuni pa ukuta. Mlipuko huo huo ukitokea mita 30 pembeni, ukuta hubaki umesimama, na askari waliokuwa wakingoja tundu la kupitia hubaki ufukweni walipokuwa wale wa Dieppe. Kwa hiyo kukiruhusu chombo kielekee tu upande wa adui kulikuwa sawa na kuifuta sababu ya kukijenga.

Kuna zaidi. Chombo kile hakikuwa kinapotea upande kwa upande tu, kilikuwa kimekwisha kuonyesha kwamba kinaweza kugeuka nyuma. Siku ya uvamizi, nyuma ya Panjandrum kungekuwa na mashua zilizojaa vijana waliofungwa mikanda na mizigo, wasio na pa kukimbilia, na vilipuzi vya kweli vingekuwa vimechukua nafasi ya mchanga. Nashindwa kuwaelewa waliousoma ujumbe ule bila kuuliza kwa sauti ingekuwaje chombo kikiwageukia vijana hao. Huenda ugumu wa tatizo, ambalo halikuwa na jibu jingine mezani pao, uliwafanya waone afadhali jibu baya kuliko kukaa bila jibu.

Januari 1944

Jaribio la mwisho lilifanyika Januari 1944 katika ufukwe ule ule, mbele ya wanasayansi na maofisa wa ngazi za juu, baadhi yao wakitazama kwa darubini kutoka juu ya tuta la kokoto. Aliyerekodi filamu alikuwa Louis Klemantaski, mpiga picha aliyejulikana kabla ya vita kwa picha zake za mashindano ya magari, mtu aliyezoea kusimama karibu na vitu vinavyokwenda kasi.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Panjandrum iliteremka, ikaingia majini na kuanza kuelekea nchi kavu huku magurudumu yake yakiwa yamezingirwa na moto. Kisha kibanio kimoja kikaachia. Roketi ya kwanza ikachomoka, zikafuata mbili zaidi, chombo kikaanza kuyumba. Kikapita juu ya mashimo madogo mchangani, kikakata kulia na kumwelekea Klemantaski moja kwa moja. Yeye alikuwa akitazama kupitia lenzi ya kuvuta mbali, ambayo humpotosha mtu kuhusu umbali, na aliendelea kurekodi hadi ngurumo yenyewe ilipomfanya ainue uso. Akakimbia. Akiwa mbioni aliwaona majenerali na maadmirali wakijitupa nyuma ya tuta, kulikokuwa na seng'enge. Chombo kikageuka tena kuelekea baharini, kikaanguka ubavu mchangani na kusambaratika kwa milipuko, roketi zilizosalia zikifyatuka kila upande wa ufukwe.

Mradi ukafutwa. Ukiyafuata matukio ya siku hiyo hatua kwa hatua, huoni hata moja lililokuwa jipya. Kibanio kilichoachia, kupinda kulikofuata, mashimo yaliyoongeza kupinda, na kurudi baharini, yote yalikuwa yamekwisha kuonekana tangu Septemba au yangeweza kukadiriwa mezani kwa penseli. Lililobadilika ni aina ya watazamaji tu, na nadhani ndiyo maana uamuzi uliokuwa umeahirishwa kwa miezi minne ulipatikana kwa mchana mmoja.

Waliofika ukutani

Haifai kuihukumu idara ile kwa chombo kimoja. Humo humo ilitengenezwa Hedgehog, mtambo wa kurusha mabomu 24 madogo mbele ya meli dhidi ya nyambizi, mabomu yaliyolipuka pale tu yalipogusa kitu. Nao ulionekana wa ajabu ulipobuniwa. Mwezi Mei 1944 meli moja ya Marekani, USS England, iliitumia Hedgehog kuzamisha nyambizi sita za Japani katika muda usiofika wiki mbili. Tofauti kati ya silaha hizi mbili haikuwa kiwango cha ugeni wake. Hedgehog ilikosea salama: bomu lisilogusa nyambizi lilizama kimya bila kulipuka, mabaharia wakaendelea kumsikiliza adui kwa vyombo vyao, na kwa kuwa walikuwapo wao wenyewe, walilenga upya.

Nalo tatizo la zege lilitatuliwa kwa fikra hiyo hiyo. Kikosi cha 79 cha vifaru, chini ya Meja Jenerali Percy Hobart, kilitumia kifaru cha Churchill kilichofungwa mzinga mfupi mnene wa milimita 290, uliorusha bomu lenye uzito wa takriban kilo 18 kwa umbali usiozidi sana mita 70. Bomu moja lilikuwa dogo mno ukililinganisha na tani ya Shute, lakini ndani ya kifaru kulikuwa na watu walioona walichopiga, wakasogea, wakapiga tena palepale. Vifaru vingine vya kikosi hicho vilibeba madaraja ya kuegemeza kwenye kuta, vingine matita makubwa ya fito za kujazia mahandaki, vingine minyororo ya kulipua mabomu yaliyotegwa ardhini. Tarehe 6 Juni 1944 vilishuka kwenye fukwe za Normandy walizopangiwa Waingereza na Wakanada. Swali lilikuwa limebadilishwa kimyakimya: kutoka kuubomoa ukuta wote kwa pigo moja bila mtu kuwapo, hadi kumkinga mtu kwa chuma ili aufikie ukuta na kuushughulikia kidogo kidogo, au kuupanda, au kuuzunguka.

Wapo wanaoamini kwamba Panjandrum ilikuwa danganyifu tangu mwanzo, sehemu ya mpango wa kuwafanya Wajerumani waamini kwamba uvamizi ungepitia kwenye kuta nene za Pas-de-Calais, pwani ya Ufaransa iliyo karibu zaidi na Uingereza, na hoja yao ni kwamba hakuna anayejaribu silaha ya siri mbele ya watu wa mapumzikoni. Hoja hiyo inavutia, lakini inaacha mambo mengi bila maelezo. Chombo cha kuwahadaa wapelelezi hakihitaji kuongezwa gurudumu la tatu na kisha kuondolewa, wala kufungiwa nyaya, wala kuandikiwa ujumbe wa ndani wa kulegeza masharti ambao adui hakukusudiwa kuusoma. Zaidi ya hayo, mpanga hila angewaambia wakubwa wake wasimame mbali zaidi na tuta lile. Kwa mtazamo wangu mfululizo wote wa marekebisho unaonyesha watu waliotaka kwa dhati kifanye kazi.